Honi: Kifaa kidogo kinacholinda maisha katika kona za Kisii na Nyamira

DEREVA anayetoka mjini Kisii kuelekea Nyamira asubuhi ya ukungu hutegemea vitu viwili anapoikaribia kona ambayo haoni ng'ambo yake: breki za gari lake na honi. Breki humtia wasiwasi, naye huzipeleka kwa fundi mara zinapoanza kulegea. Honi husahauliwa hadi siku inapokataa kulia.

Siku hiyo ikifika, wenye magari wengi hukimbilia duka la vipuri na kununua honi mpya, na mara nyingine yenye mlio mkubwa kuliko ile ya awali. Hata hivyo, honi nyingi zinazonyamaza huwa hazijafa. Kasoro huwa kwenye fyuzi, waya uliooza kwa kutu, au mahali pale waya unapoungana na bodi ya gari. Anayejua hilo huokoa pesa, na la muhimu zaidi, hubaki na sauti ya kuaminika barabarani.

Milima, mvua na masoko kando ya lami

Kisii na Nyamira, ambazo zilikuwa katika mkoa wa Nyanza kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, ziko kwenye nyanda za juu. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kama Nyansiongo, upande wa mashariki wa Nyamira, ziko juu zaidi.

Barabara za eneo hili hupanda, hushuka na kujipinda kufuata vilima. Kingo za udongo, migomba, mikalitusi na mashamba ya chai husogea hadi ukingoni mwa barabara, hivyo dereva huona mita chache tu mbele yake katika sehemu nyingi.

Mvua nayo ni nyingi. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mvua kubwa zaidi hunyesha kati ya Machi na Mei. Unyevu huo ndio neema ya chai na ndizi, lakini ni adui wa nyaya na vyuma vya honi, ambayo hufungwa mbele kabisa ya gari, mahali panapopigwa na maji na matope.

Aidha, watu ni wengi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.2 katika Kaunti ya Kisii na zaidi ya 600,000 katika Kaunti ya Nyamira. Wengi wao hutembea kando ya barabara: wanafunzi, wachuuzi, wakulima wanaopeleka majani chai kwenye vituo vya kununulia. Katika masoko kama Keroka, mji ulio kwenye mpaka wa kaunti hizo mbili, biashara hufanywa hatua chache tu kutoka kwenye lami.

Katika msongamano huo hupita matatu, pikipiki za bodaboda, malori ya majani chai na magari aina ya Toyota Probox, ambayo yamekuwa maarufu sana kwa kubeba abiria na mizigo katika eneo hili. Kila mmoja ana haja ya kusikika, na kila mmoja ana haja ya kumsikia mwenzake.

Sauti husafiri vipi kwenye kona

Taa huangaza mbele moja kwa moja, lakini sauti huweza kujipinda na kuzunguka kizuizi. Sauti nzito huzunguka kona na vilima vizuri kuliko sauti nyembamba. Hii ni sababu mojawapo ya magari mengi kufungwa honi mbili, moja ya sauti nzito na nyingine ya sauti nyembamba, ili mlio upenye katika hali tofauti.

Hata hivyo, honi ina mipaka yake. Katika eneo la wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Honi yenye desibeli 112 ikipimwa umbali wa mita 2 hubaki na takriban desibeli 88 umbali wa mita 32, na 82 umbali wa mita 64. Kingo za udongo, miti, mvua, vioo vilivyofungwa na redio iliyofunguliwa huipunguza zaidi.

Mwendo wa gari nao huhesabika. Gari linaloenda kilomita 60 kwa saa husonga karibu mita 17 kila sekunde. Magari mawili yanayokabiliana kwa mwendo huo hukaribiana kwa zaidi ya mita 33 kila sekunde. Dereva anayesikia honi na kuchukua sekunde moja kutambua inakotoka amekwisha kupoteza nafasi kubwa.

Kwa sababu hiyo, honi hupigwa kabla ya kuingia kona, pamoja na kupunguza mwendo. Anayeipiga huku akiongeza mafuta hajatoa tahadhari yoyote ya maana.

Honi ilianzia wapi

Magari ya kwanza yalizua hofu barabarani. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1865 iliagiza mtu atangulie kwa miguu mbele ya gari la mvuke akiwa na bendera nyekundu, na sharti la mtu kutangulia lilidumu hadi 1896. Baadaye zikatumika kengele, na kisha honi za mpira zilizopulizwa kwa kuminywa kwa mkono.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Miller Reese Hutchison alivumbua honi ya utando wa chuma iliyojulikana kama Klaxon, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1908. Jina hilo lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kupiga yowe. Huko Birmingham, Uingereza, Oliver Lucas aliunda honi ya umeme kwa ajili ya magari mnamo 1910.

Tangu hapo umbo limebadilika na honi imekuwa ndogo, lakini kanuni ya kutetemesha utando wa chuma kwa nguvu za umeme imebaki ile ile.

Jinsi inavyofanya kazi

Ndani ya honi ya kawaida mna koili ya waya, utando mwembamba wa chuma na vituo viwili vidogo vinavyogusana. Umeme ukipita, koili hugeuka sumaku na kuuvuta utando. Utando unaposogea, huvitenganisha vituo hivyo, umeme hukatika na utando hurudi mahali pake. Vituo hugusana tena, na mzunguko huanza upya.

Kitendo hiki hurudiwa mamia ya mara kwa sekunde. Honi nzito ya gari dogo hutetemeka karibu mara 400 kwa sekunde na nyembamba karibu mara 500. Mtetemo huo ndio mlio unaosikika.

Honi moja ya kawaida ya volti 12 hutumia takriban ampea 4. Kwa kuwa kitufe cha usukani hakikuundwa kubeba umeme mwingi, magari mengi hutumia relei. Kitufe huiamsha relei kwa umeme mdogo, nayo relei huruhusu umeme mkubwa kutoka kwenye betri upite hadi kwenye honi. Fyuzi huwekwa njiani ili ikatike endapo nyaya zitagusana vibaya.

Kwa hivyo, kuna vituo sita vya kukumbuka: betri, fyuzi, relei, kitufe, honi yenyewe na athi, yaani muungano wa waya na bodi ya gari. Kimoja kikikosa, honi hunyamaza.

Aina za honi

Honi ya sahani: Hii ni ya duara na bapa, na ndiyo inayopatikana katika magari mengi madogo. Ni ya bei nafuu, haichukui nafasi na hustahimili matope. Nyingine zina skrubu ndogo nyuma ya kurekebishia sauti.

Honi ya konokono: Hupitisha sauti katika mfereji uliojikunja kama kombe la konokono. Mlio wake ni laini na mzito kuliko wa sahani, lakini huhitaji nafasi zaidi na mdomo wake hauna budi kuelekezwa chini ili maji yasituame ndani.

Honi ya hewa yenye pampu yake: Pampu ndogo ya umeme husukuma hewa kwenye tarumbeta. Baadhi ya wenye matatu na magari ya kibinafsi huipenda kwa ukali wake. Pampu hutumia umeme mwingi kuliko honi ya kawaida, hivyo huhitaji relei, fyuzi na waya mnene wa pekee. Ikiunganishwa kwenye waya wa honi ya zamani, waya huweza kupata joto na kuyeyuka.

Honi ya hewa ya lori na basi: Hii hutumia hewa iliyoshindiliwa na injini, ambayo pia huendesha breki. Haifai kabisa kuiunganisha kiholela kwenye mtungi wa breki. Lazima ichukue hewa kutoka upande wa vifaa vya ziada, nyuma ya vali ya kinga, ili ikivuja isimalize hewa ya breki. Lori lililojaa majani chai likiteremka mlima, hewa hiyo ni uhai.

Honi ya kielektroniki: Haina vituo vya kugusana bali hutumia sakiti kutetemesha utando. Hudumu muda mrefu, lakini ikiharibika ni vigumu kuirekebisha.

Honi ya pikipiki: Ni sahani ndogo ya volti 12. Hufungwa chini ya taa au karibu na injini, mahali ambapo matope ya gurudumu la mbele huifikia. Kwa bodaboda inayopita vichochoroni na kwenye njia za vijijini, ndiyo inayohitaji kusafishwa mara nyingi zaidi.

Mbali na hizo, kuna kengele ya kurudi nyuma, ambayo hulia yenyewe dereva anapoweka gia ya kurudi. Katika masoko yenye watoto na wachuuzi, kifaa hiki kinafaa kila lori na pikapu.

Wanaotengeneza na wanaouza

Miongoni mwa watengenezaji wakongwe wa honi duniani ni Hella na Bosch za Ujerumani, na FIAMM ya Italia. Denso na Mitsuba za Japani hutengeneza vifaa vya umeme vya magari, zikiwemo honi. Kutoka India kuna Roots na Minda.

Humu nchini, kitovu cha vipuri kwa miaka mingi kimekuwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita kwa jina lake la zamani, Grogan, pamoja na Eneo la Viwanda. Wafanyabiashara wa miji ya mashinani huagiza mizigo kutoka huko na kuisafirisha kwa basi au lori.

Katika mji wa Kisii, vipuri huuzwa katika maduka yaliyo katikati ya mji, na kazi ya kufunga hufanywa na mafundi wa umeme wa magari katika maduka hayo au kwenye vibanda vya Jua Kali. Miji kama Keroka, Nyamira, Ogembo na Suneka ina maduka madogo ambayo mara nyingi huhifadhi honi za pikipiki na za magari yanayotumika sana.

Mnunuzi hukutana na makundi matatu ya bidhaa. La kwanza ni honi halisi ya kampuni iliyounda gari, ambayo ni ghali. La pili ni honi mpya ya kampuni nyingine, yenye ubora unaotofautiana. La tatu ni honi iliyotumika, iliyofunguliwa kutoka kwenye gari kuukuu. Hii ya mwisho inaweza kuwa chaguo zuri kuliko mpya ya bandia, mradi ijaribiwe kabla ya pesa kutolewa.

Kabla ya kununua, mteja anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, volti. Magari madogo na pikipiki nyingi hutumia volti 12, ilhali malori na mabasi mengi hutumia volti 24. Honi ya volti 12 ikifungwa kwenye umeme wa volti 24 huungua. Ya volti 24 ikifungwa kwenye volti 12 hunong'ona, au hainyanyui sauti kabisa.

Pili, idadi ya ncha za waya. Honi yenye ncha moja hutumia bodi yake ya chuma kama athi. Yenye ncha mbili huhitaji waya wa pili. Fundi asiyetofautisha hizi huacha honi mpya ikiwa kimya.

Tatu, alama ya ubora. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, ndilo linalosimamia viwango vya bidhaa, zikiwemo zinazoingizwa kutoka nje. Kifurushi kisicho na jina la mtengenezaji, volti wala nchi kilikotoka ni cha kutiliwa shaka. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008.

Nne, jaribio. Muuzaji mwaminifu atakubali honi iguswe kwenye betri dukani. Sauti iwe thabiti na isikwaruze. Mnunuzi aombe pia risiti.

Tano, nguvu ya sauti. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, honi ya gari hutakiwa kutoa kati ya desibeli 105 na 118 ikipimwa umbali wa mita 2. Kipimo hicho chatosha. Sauti inayozidi hapo huumiza masikio ya wapita njia na ya dereva mwenyewe bila kuongeza usalama.

Honi ikinyamaza: pa kuanzia

Kazi hii haihitaji vifaa vingi. Taa ndogo ya kujaribia umeme, kipande cha waya, msasa na bisibisi hutosha kwa kasoro nyingi. Hatua zifuatazo zikifuatwa kwa mpangilio, kasoro hujitokeza bila kubahatisha.

1. Kagua betri. Betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya volti 13.8 na 14.4 injini ikiwaka. Ikiwa taa nazo zimefifia, tatizo si honi.

2. Kagua fyuzi. Mchoro wa kisanduku cha fyuzi huonyesha iliko. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zile zile. Ikikatika tena, kuna nyaya zinazogusana. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kuifunga kwa karatasi ya sigara ni kualika moto.

3. Sikiliza relei. Mtu mmoja abonyeze kitufe huku mwingine akiweka kidole juu ya relei. Ikigonga lakini honi isilie, kasoro huenda iko baina ya relei na honi, ingawa vituo vya ndani vya relei navyo huungua. Isipogonga, kasoro huenda iko kwenye kitufe au relei yenyewe. Katika magari mengi, relei ya honi hufanana na nyingine ndani ya kisanduku, hivyo yaweza kubadilishwa kwa muda ili kuijaribu.

4. Jaribu umeme kwenye honi. Chomoa waya wa honi, unganisha taa ya kujaribia, kisha mtu abonyeze kitufe. Taa ikiwaka, umeme unafika. Isipowaka, fuata waya kurudi nyuma hadi palipokatika.

5. Jaribu athi. Umeme ukifika na honi ikawa kimya, chukua kipande cha waya, gusisha upande mmoja kwenye bodi ya honi au ncha yake ya athi, na upande wa pili kwenye ncha hasi ya betri. Honi ikilia, ni athi iliyooza. Fungua bolti ya kishikilio, sugua kutu na rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Katika eneo lenye mvua kama Kisii na Nyamira, hatua hii ndiyo hufufua honi nyingi zilizodhaniwa zimekufa.

6. Jaribu honi peke yake. Iunganishe moja kwa moja na betri kwa waya wenye fyuzi. Ikikataa kulia hata hapo, sasa ni halali kununua nyingine.

Tahadhari ichukuliwe kuhusu usukani. Magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ndani ya usukani, na umeme wa kitufe cha honi hupita kwenye utepe wa waya uliokunjwa humo. Ikiwa honi imenyamaza na taa ya mfuko wa hewa imewaka kwenye dashibodi kwa wakati mmoja, utepe huo huenda umekatika.

Kazi hiyo ni ya fundi aliyehitimu. Kabla ya kugusa usukani huo, ncha hasi ya betri hutolewa na kusubiriwa angalau dakika moja na nusu. Mfuko ukifumuka usoni mwa mtu aliyeinama, humjeruhi vibaya.

Dalili nyingine nazo zina maana yake. Sauti inayokwaruza huashiria maji, kutu au utando uliopinda. Sauti iliyofifia huashiria athi mbovu, betri dhaifu, au honi moja kati ya mbili imekufa. Honi inayolia bila kukoma huashiria kitufe kilichonasa au relei iliyoungana ndani. Hapo suluhu ya haraka ni kuchomoa relei au fyuzi ya honi, kisha kutafuta fundi siku hiyo hiyo.

Utunzaji wa kila siku

Honi haihitaji mafuta wala huduma ya gharama. Inahitaji kukumbukwa.

Dereva aijaribu kila asubuhi kwa mlio mmoja mfupi kabla ya safari, mahali pasipo na wagonjwa wala watoto wachanga. Mwenye gari la abiria afanye hivyo kabla ya kupakia.

Gari likioshwa, mashine ya maji yenye nguvu isielekezwe kwenye grili mahali ilipo honi. Maji yakiingia, yaachwe yakauke. Honi ya konokono iliyolegea na kugeukia juu irudishwe ielekee chini.

Kila miezi mitatu, na hasa baada ya mvua za Machi hadi Mei, ncha za waya zichomolewe, zisafishwe kwa msasa laini au brashi ndogo, zipakwe grisi na kurudishwa. Bolti ya kishikilio ikazwe. Kishikilio kisibadilishwe kwa waya au kamba, maana honi isiyoshikwa imara hupoteza sauti.

Maungio ya waya yasifungwe kwa karatasi ya nailoni. Yasokotwe vizuri, yachomelewe kwa risasi au kubanwa kwa kiungio, kisha yafunikwe kwa utepe wa umeme.

Honi ya sahani yenye skrubu ya nyuma yaweza kurekebishwa ikiwa sauti imefifia kwa uchakavu. Skrubu izungushwe kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, kisha honi ijaribiwe kwa mlio mfupi. Anayefanya kazi hiyo azibe masikio. Nati ya katikati ya sahani isiguswe, kwa kuwa ndiyo inayoshikilia utando.

Waendesha bodaboda nao wafute matope kwenye honi kila jioni na kukagua waya unaopinda pamoja na usukani, kwani hukatika ndani huku ngozi yake ikiwa nzima.

Sheria yasemaje

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kanuni zake, huhitaji kila gari liwe na kifaa cha kutoa tahadhari ya kutosha kwa sauti. Gari lisilo na honi inayofanya kazi si salama kuwa barabarani. Ving'ora vinavyopanda na kushuka ni vya magari ya dharura kama ya polisi, zimamoto na ambulensi.

Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, huweka kikomo cha desibeli 40 mchana na 35 usiku katika maeneo ya utulivu, zikiwemo hospitali. Katika maeneo ya biashara kikomo ni desibeli 60 mchana na 35 usiku. Usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Ukilinganisha takwimu hizo na desibeli 105 za honi, utaona ni kwa nini mlio mmoja usio na sababu ni kero. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii imo mjini, na kelele za barabarani huwafikia waliolazwa. Manamba wanaomhimiza dereva apige honi ili kuita abiria, na madereva wanaoipiga kwa hasira kwenye foleni, humnyima usingizi mgonjwa ambaye hana pa kuhamia.

Kuna hasara nyingine. Mji ambamo honi hulia mfululizo hufundisha watu kutoisikiliza. Mtoto aliyezoea milio mia moja ya kuita abiria hatageuka atakaposikia ule mmoja wa kumwokoa.

Kipimo cha honi njema

Honi njema huwa tayari kila siku, husikika vizuri na hutumiwa mara chache. Mlio mfupi mmoja hutosha kumwonya mtembea kwa miguu. Kwenye kona iliyozibwa na kilima, mlio mrefu kidogo kabla ya kuingia, pamoja na mwendo wa chini na gari kubaki upande wake wa kushoto, ndio utaratibu wa dereva mwangalifu. Penye mifugo, ni heri kupunguza mwendo kuliko kupiga honi, maana ng'ombe aliyeshtuka hukimbilia popote.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa mwenye gari katika vilima vya Kisii na Nyamira, tahadhari hiyo huanza na kipande cha msasa, bolti iliyokazwa na mlio mmoja wa majaribio asubuhi. Kazi yote haizidi robo saa, na huenda ikampa anayekuja upande wa pili wa kona sekunde anayoihitaji.